Gunia huvuka Busia mara moja, cheti hukaguliwa mara mbili: safari ya Profesa Okwakol na hesabu ya mzazi wa mpakani

Lori linalotoka Jinja kwenda Malaba hupita Iganga na Bugiri, kisha hupita mbele ya Chuo Kikuu cha Busitema kabla ya kuingia Tororo. Madereva wengi hulijua eneo hilo kwa msitu wake. Lakini kwa wafanyabiashara wa Busia, Malaba, Lwakhakha na Mbale, lango hilo linagusa swali linalowarudia kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa: mtoto akifaulu, asome wapi, kwa gharama gani, na cheti chake kitakubaliwa upande gani wa mpaka?

Ni vigumu kulijibu swali hilo bila kulitaja jina la Profesa Mary Okwakol. Yeye ndiye aliyekuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Busitema, yaani mtendaji mkuu wa chuo, tangu kilipoanzishwa mwaka 2007. Aliongoza pia Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda, UNEB, akiwa mwenyekiti, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, akiwa mkurugenzi mtendaji. Kwa maneno mengine, mtu mmoja alipita katika vituo vyote vitatu ambavyo mtoto wa mpakani hana budi kuvipitia: mtihani wa sekondari, chuo chenyewe, na ofisi inayosema cheti hiki ni halali au si halali.

Safari yake inaonyesha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba milango ya elimu ya juu mashariki mwa Uganda imefunguka kuliko ilivyokuwa kizazi kimoja kilichopita. La pili ni kwamba kufunguliwa kwa mlango na kuweza kuingia si jambo moja.

Kutoka kwa mchwa hadi ofisini

Okwakol ni mtaalamu wa wanyama, na hasa wa viumbe wanaoishi ndani ya udongo. Mwaka 1980 alichapisha utafiti uliokadiria kiasi cha udongo na mabaki ya mimea kinachotumiwa na mchwa wa jamii ya Cubitermes. Mwaka 1994 alichapisha mwingine kuhusu Mabira, msitu ambao kila anayesafiri kati ya Kampala na Jinja huupita. Alionyesha kwamba msitu unapokatwa na ardhi kulimwa, viumbe wa udongoni hupungua kwa idadi na kwa aina. Mkulima haoni badiliko hilo siku ya kwanza. Huliona baadaye, shamba linapochoka.

Somo hilo linaeleweka vizuri kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako udongo ndio mtaji wa mkulima wa kahawa, na kahawa ndiyo mtaji wa mfanyabiashara wa Mbale. Linaeleweka pia kandokando ya Mto Nabuyonga, uliofurika mwishoni mwa Julai 2022 na kusababisha vifo na hasara kubwa mjini Mbale. Eneo lenye milima iliyolimwa hadi juu linahitaji wataalamu wa udongo, maji na afya wanaolijua kwa macho yao. Hiyo ni sababu moja ya kutaka chuo kikuu kiwe karibu.

Okwakol alipoanza kazi, wanawake walikuwa wachache katika sayansi na wachache zaidi katika uongozi wa vyuo. Makerere ilianza mwaka 1922, lakini ilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, nao walikuwa sita. Hadi inatimiza miaka 100 mwaka 2022, haikuwa imewahi kumthibitisha mwanamke kuwa Makamu Mkuu. Okwakol ni miongoni mwa wanawake wa kwanza Uganda kukiongoza chuo kikuu cha umma, na alifanya hivyo mbali na mji mkuu. Nchini Kenya, Olive Mugenda alikuwa amechukua uongozi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka mmoja tu kabla yake, 2006. Mabadiliko hayo yalitokea pande zote mbili za mpaka karibu wakati mmoja.

Chuo kimoja, kampasi nyingi

Mashariki haikuwa jangwa la elimu kabla ya Busitema. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, IUIU, kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Makerere. Kwa hiyo chuo kikuu cha pili cha Uganda kilikuwa Mbale. Baadaye shule ya biashara ya Makerere, MUBS, ilifungua kampasi Jinja na Mbale, na watoto wengi wa wafanyabiashara wamesomea huko uhasibu na ununuzi.

Kilichokosekana ni chuo kikuu cha umma chenye makao mashariki na kinachofundisha sayansi na ufundi. Busitema ilikuja kujaza pengo hilo, na muundo wake ulikuwa wa aina yake. Badala ya kujenga mji mmoja mpya wa chuo, serikali ilikusanya taasisi zilizokuwapo. Kampasi kuu ilichukua mahali pa chuo cha taifa cha zana za kilimo, na hadi leo uhandisi ndio nguzo yake. Nagongera, wilayani Tororo, palipokuwa na chuo cha walimu, hufundisha sayansi na ualimu. Arapai, karibu na Soroti, ni ya kilimo na mifugo. Mbale ni ya tiba na sayansi za afya. Pallisa ni ya usimamizi. Namasagali, wilayani Kamuli, ni ya maliasili na mazingira.

Namasagali inastahili kuangaliwa na kila mfanyabiashara. Mwaka 1912 ndiko reli iliyotoka Jinja iliko koma, na pamba ya Busoga na Teso ilibadilishwa hapo kati ya meli za Ziwa Kyoga na mabehewa. Biashara ilihama, bandari ikafa, majengo yakageuzwa kuwa shule, na sasa ni kampasi. Mji uliokuwa ukipitisha pamba sasa unapitisha wahitimu.

Hoja ya kutawanya kampasi ni hoja ya usawa. Mzazi wa Pallisa au Kamuli hahesabu karo peke yake. Anahesabu chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, na mikono inayopungua dukani au shambani mtoto akiwa mbali. Fedha zikiwa kidogo, mara nyingi binti ndiye huambiwa asubiri. Chuo kikiwa umbali wa nauli ya matatu moja, sababu ya kumwambia asubiri inapungua nguvu.

Lakini muundo huu una gharama yake. Kampasi sita zinahitaji maabara, maktaba, umeme wa uhakika na wahadhiri mara sita. Bajeti ya chuo kimoja ikigawanywa hivyo, kila mahali panapata kidogo. Mfanyabiashara anaielewa hesabu hiyo: maduka sita yenye bidhaa chache hayauzi kama duka moja lililojaa, hata kama yako karibu na wateja. Usawa wa mahali usipofuatwa na usawa wa vifaa, mwanafunzi wa pembezoni hupata jina la chuo kikuu bila kupata chuo kikuu chenyewe.

Pointi moja na nusu

Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana wote waombao nafasi pointi 1.5 juu ya matokeo yao ya kidato cha sita. Wakati huo wanawake walikuwa karibu robo ya wanafunzi. Katika miaka iliyofuata walikaribia nusu. Hakuna hatua nyingine ya usawa katika elimu ya juu ya Uganda iliyobadilisha sura ya madarasa kwa haraka kiasi hicho.

Hata hivyo, tafiti zilizofuata zilionyesha kasoro moja. Waliofaidika zaidi walikuwa wasichana kutoka familia zenye uwezo na shule nzuri za sekondari, nyingi zikiwa katikati ya nchi. Msichana wa kijijini ambaye hakufika kidato cha sita hakuwa na pointi za kuongezewa. Pointi 1.5 juu ya sifuri hazimpeleki popote.

Kisha mwaka 2005 serikali iliamua kuelekeza sehemu kubwa ya ufadhili wake kwenye kozi za sayansi. Nia ilikuwa njema, kwa sababu nchi inahitaji wahandisi na madaktari. Lakini shule nyingi za sekondari za vijijini hazina maabara wala walimu wa fizikia, na katika masomo hayo wasichana walikuwa wachache tangu mwanzo. Kwa hiyo mkono mmoja uliwaongezea pointi, na mkono mwingine ukapunguza nafasi walizokuwa wakizipata.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya Okwakol unapoonekana. Alikabidhiwa chuo cha sayansi katika eneo ambalo shule zake nyingi hazifundishi sayansi vizuri. Mwaka ule ule wa 2007 Uganda ilianzisha elimu ya sekondari kwa wote, miaka kumi baada ya elimu ya msingi kwa wote ya 1997. Idadi ya watoto sekondarini ilipanda, maabara hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Chuo kinaweza kusogezwa hadi mlangoni kwa mwanafunzi, lakini hakiwezi kumfundisha kemia ambayo shule yake haikumfundisha.

Ufadhili nao ni mwembamba. Serikali hudhamini takriban wanafunzi 4,000 wapya kila mwaka katika vyuo vya umma, baadhi wakiingia kwa mgao wa wilaya, wengine kwa nafasi za wenye ulemavu na za michezo. Sheria ya mwaka 2014 iliunda pia bodi ya mikopo. Wengine wote, ambao ndio wengi, hulipiwa na familia. Katika miji ya mpakani maana yake ni kwamba karo hutoka kwenye mitumba, mahindi, samaki, maharage na nyanya.

Mezani kwa vyeti

Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi, mzigo hukaguliwa upande mmoja tu, ule unaouingia. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 hutumia cheti rahisi cha uasilia na halipi ushuru wa forodha. Utaratibu huo una kasoro zake, lakini upo na unaeleweka.

Cheti cha mtoto wake hakina kituo cha pamoja. Chukua mfano wa mama anayeuza nafaka Malaba, upande wa Kenya. Binti yake amepata C+ katika KCSE, alama ya chini kabisa inayomruhusu kuingia shahada nchini Kenya. Anaona Busitema au Mbale ni karibu kuliko Nairobi. Akivuka, anakuta kwamba Uganda huiweka KCSE katika ngazi ya UCE, mtihani wa kidato cha nne. Mlango wa shahada Uganda ni UACE, wa kidato cha sita. Kwa hiyo binti lazima kwanza apitie daraja la kati: cheti cha elimu ya juu cha maandalizi, stashahada, au kidato cha tano na sita.

Mama anaweza kudhani anaonewa. Hesabu ya miaka inaeleza vizuri zaidi. Mfumo wa 8-4-4 ulimfikisha mtoto chuoni baada ya miaka 12, na shahada ikachukua miaka minne. Uganda humchukua miaka 13, saba ya msingi, minne na miwili ya sekondari, kisha shahada nyingi ni za miaka mitatu. Jumla ni 16 kila upande. Mwaka haupotei, unahamia tu kutoka chuo kwenda sekondari. Tatizo ni kwamba anayebadilisha mfumo katikati ya safari hujikuta akiulipia mwaka huo mwenyewe.

Hapa nyadhifa mbili za Okwakol zinakutana. Nchini Uganda, UNEB ndiyo inayolinganisha vyeti vya sekondari kutoka nje, na NCHE ndiyo inayolinganisha stashahada na shahada. Ofisi hizo mbili ndizo forodha ya elimu, na zote zilipitia mikononi mwake. Alichoweza kufanya ni kuzisimamia kwa mujibu wa sheria. Kuzifanya ziwe dirisha moja na wenzake wa Kenya na Tanzania ni kazi ya nchi zote, si ya profesa mmoja.

Kwenye karatasi, kazi hiyo imeanza zamani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika kifungu chake cha 11 zitambue sifa za elimu na taaluma za nchi nyingine. Mei 2017 wakuu wa nchi, wakikutana Dar es Salaam, waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao Kampala, limepewa jukumu la kuoanisha viwango. Lengo mojawapo ni mwanafunzi wa nchi mwanachama asitozwe kama mgeni. Lakini anayesimama dirishani kulipa ada bado anakutana na kanuni za chuo kimoja kimoja.

Na hesabu inabadilika tena. Kenya imeacha 8-4-4. Kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10 Januari 2026 na linatarajiwa kumaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Mfumo huo ni wa miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya juu, kisha mitatu ya chuo. Bado ni miaka 12 kabla ya chuo, na shahada sasa imepungua mwaka mmoja. Uganda nayo ilibadilisha mtaala wa sekondari ya chini mwaka 2020, na UCE ya kwanza chini yake ikafanywa 2024. Nchi mbili zimebadilisha mizani zao bila kuzipima pamoja. Jedwali jipya la ulinganisho lisipokuwa tayari kabla ya 2028, wa kwanza kukwama watakuwa watoto wa Busia, Malaba na Lwakhakha.

Orodha ya Mei 2023

Mei 2023, NCHE ikiwa chini ya Okwakol, wazazi na wahitimu waligundua kwamba kozi nyingi za vyuo vikuu, vikiwemo vikubwa, zilionekana kwenye orodha ya baraza zikiwa na ithibati iliyoisha muda. Hofu ilienea haraka. Baraza lilieleza kwamba maana yake ni kozi kufikia muda wa kukaguliwa upya, si shahada kuwa batili, na suala likafika hadi bungeni.

Maelezo hayo yalikuwa sahihi kisheria, lakini yalichelewa kufika sokoni. Mfanyabiashara anajua kwamba leseni iliyoisha muda haifanyi bidhaa kuwa bandia. Anajua pia kwamba afisa wa upande wa pili hasikilizi maelezo, husoma tarehe. Mhitimu anayekwenda kuomba kazi Kisumu au Mwanza hupimwa hivyo hivyo. Vyuo ndivyo vilivyopaswa kuwasilisha kozi zao kwa wakati, na baraza ndilo lililopaswa kubana mapema. Gharama ya uzembe wa wote wawili ilimwangukia asiyekuwa na sauti katika ofisi yoyote.

Ukaguzi huo, pamoja na uchungu wake, ni sehemu ya usawa. Mtoto wa tajiri akipata shahada isiyoaminika, baba yake humpeleka nchi nyingine akaanze upya. Mtoto wa muuza samaki ana nafasi moja tu. Baraza lisipokuwa kali, anayelaghaiwa ni yule wa pili.

Mzazi wa mpakani afanye nini?

Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, ya Kenya au ya Uganda, yapo maswali manne. Je, kozi yenyewe, si chuo peke yake, ina ithibati hai katika orodha ya NCHE kwa Uganda, CUE kwa Kenya au TCU kwa Tanzania? Je, cheti cha sekondari kimeshalinganishwa na UNEB, au chuo kinaahidi tu kwamba kitalinganishwa baadaye? Ada ni ya raia, ya Afrika Mashariki au ya mgeni, na je, imeandikwa katika barua ya kujiunga? Na kwa udaktari, uhandisi, sheria au ualimu, je, bodi ya taaluma ya nchi atakakofanya kazi inakitambua chuo hicho?

Maswali hayo huchukua siku chache. Kutoyauliza kunaweza kula miaka mitatu na akiba ya duka zima.

Busitema sasa ina uongozi mwingine. Profesa Paul Waako, mtaalamu wa dawa, alichukua nafasi ya Makamu Mkuu mwaka 2019, na chuo kimeendelea na muundo ule ule wa kampasi zilizotawanyika. Kipimo cha kazi aliyoianza Okwakol hakitakuwa idadi ya vyeo alivyoshika. Kitakuwa ni nani anayeingia langoni mwa Busitema asubuhi, na nani anayebaki barabarani akiangalia malori yakipita.

Jumuiya iliweza kukubaliana kwamba gunia la mahindi likikaguliwa Busia upande mmoja, upande wa pili hauna haja ya kulifungua tena. Bado haijakubaliana hivyo kuhusu cheti cha binti wa mwenye gunia.